Kopo Moja la Dawa, Ndugu Wawili

Nyinyi mnaoingia maabara siku hizi, na nyinyi wauguzi mnaotoka chuoni shati likiwa bado limenyooka, nina ombi kabla sijaanza maneno yangu. Mkimpa mtu dawa ya kwenda kumeza nyumbani, msimuulize kama ameimaliza. Muulizeni hivi: nyumbani mnaimeza wangapi? Mtanicheka, na hata mimi ningecheka zamani. Swali hilo nilifundishwa na ndugu wawili wafugaji waliopendana.

Nilifanya kazi ya maabara Garsen na viunga vyake mpaka nywele zikaniisha rangi. Jina langu la ubatizo wanalijua watu wa Ngao, nilikozaliwa. Wengine wote, kuanzia mjini hadi kwenye maboma ya ng'ombe, waliniita Mama Damu. Watoto wakiniona sokoni walijificha nyuma ya mama zao, hata kama nimekwenda kununua nyanya tu. Nilizoea, na kusema kweli lilinifaa, maana hakuna mtu aliyewahi kuniruka kwenye foleni.

Aliyenifunza kazi ni Mzee Jilo, fundi wa maabara wa zamani, mtu mkavu ambaye hakucheka ila sindano ikiingia mara ya kwanza. Wakati wa ukame watu huja wamekauka, mishipa imezama, unapapasa mkono huoni kitu. Mzee Jilo hakuwa na haraka. Alimpa mtu maji, akamkalisha kivulini, kisha akaanza soga. Akiwa mfugaji, alimuuliza habari za ng'ombe wake, naye angeeleza kwa mikono yote miwili, akikunja ngumi na kukunjua, mpaka mshipa ujitokeze wenyewe. Akiwa mkulima wa mtoni, alimuuliza kiboko amekula nini safari hii. Hapo hasira ilimtoa mtu mishipa mpaka ya shingoni. Nimeitumia mbinu hiyo miaka yote na sijaona kifaa kilichoishinda.

Sasa niwaeleze ugonjwa wenyewe, kwa sababu wengi wenu mtaukuta na kuuchanganya kama tulivyouchanganya sisi mwanzoni. Homa ya ini aina ya C huingia kwa damu na kukaa kimya. Mtu anachunga, analima, anazaa watoto, na huku ini linaliwa polepole. Zamani tukiugundua tulikuwa tunamtazama mtu tu kwa huruma. Kisha zikaja tembe, unameza kila siku kwa miezi mitatu, na wengi wanapona kabisa. Tembe zile zilipofika kwetu niliona kama tumepewa ufunguo wa mlango tuliokuwa tunaugonga miaka mingi.

Vipimo navyo viko viwili. Kile cha haraka, cha tone moja la damu, hakikuonyeshi virusi. Kinakuonyesha kwamba mwili uliwahi kukutana navyo. Wafugaji niliwaeleza kwa lugha yao ya kazi: kipimo hiki kinaona kwato mchangani, hakijui kama ng'ombe yuko ama alishaondoka. Cha kumwona ng'ombe mwenyewe ni kile kikubwa, na hicho tulikuwa tunapeleka Mombasa.

Mkulima mmoja wa Ngao, jirani wa shangazi yangu, alimeza dawa akapona, na sisi tukathibitisha. Mwaka uliofuata akapita kwenye duka la dawa, akapimwa kwa kile cha haraka, akaambiwa anao. Hakuniuliza. Alirudi nyumbani, akawaita wanawe, akawagawia shamba lote la migomba na miembe, akalala kitandani kungoja siku yake. Nilipopata habari nilikwenda mbio kumwambia, "Baba, hizo ni kwato tu, mnyama alishaondoka." Aliamka mzima kabisa, akaenda kudai shamba lake. Wanawe wakamwambia ameshagawa. Mpaka nastaafu yule mzee alikuwa anaomba ndizi kwa mtoto wake wa mwisho, na kila akiniona ananitazama kama mimi ndiye niliyemponza.

Kupeleka damu Mombasa nako kulikuwa kazi yake peke yake. Damu inazungushwa kwenye mashine, maji yake ya juu yanatengwa na kugandishwa, kisha yanasafiri kwenye boksi la barafu. Umeme ukikatika umepoteza. Mto ukifurika na barabara ikamezwa, hapo njia panda ya Minjila unasimama na boksi lako mkononi ukiangalia maji. Siku moja nilikosa barafu nikamwomba mwuza samaki. Mombasa wakapiga simu kuuliza kwa nini damu ya Garsen inanuka kambare. Nikawaambia ipimeni tu, mkimaliza mle ugali.

Barisa alikuja kwetu kutoa damu, hakuja kutibiwa. Mke wake alikuwa amejifungua vibaya na alihitaji kuongezewa. Barisa alikuwa mwanamume wa makamo, mfugaji wa kabila la Waorma, mrefu, mpole, aliyeniita Mama tangu siku ya kwanza ingawa sikumzidi miaka mingi. Alikunja mkono wa shati mwenyewe akasema, "Toa yote unayotaka." Damu ya kutoa hupimwa kwanza, na ya Barisa ilikuwa na kwato za homa ya ini, haikufaa. Mke aliongezewa damu ya mtu mwingine akapona. Barisa akabaki anauliza yeye ana nini.

Tukamwambia alete watu wa nyumbani. Mke na watoto walikuwa salama. Kaka yake mkubwa, Wario, hakuwa salama. Nilipowauliza wametumia sindano wapi, wembe wa nani, walitazamana. Wakiwa vijana, wote wawili walishikwa na maumivu ya mgongo wakiwa na ng'ombe mbali, wakapigwa chuku, yaani kuchanjwa na kunyonywa damu, na mtu mmoja, kwa pembe moja na wembe mmoja, mmoja akitoka mwingine akikaa. "Mimi nilianza," Wario akasema, "kwa sababu mimi ni mkubwa. Huyu akafuata." Alisema kama mtu anayeomba radhi.

Kuanza yeye kulikuwa na maana kubwa kwao kuliko nilivyojua. Baba yao alikufa Barisa akiwa mdogo, na Wario ndiye aliyemlea, akamtahirisha, akamtafutia mke. Barisa hakukaa kabla ya kaka yake, hakuanza kuongea kabla yake, na maziwa yakimiminwa hakugusa kikombe mpaka Wario aonje. Hakuna aliyemlazimisha. Nilikuwa nawaona kwenye benchi letu la nje na nilipenda kuwaangalia, kwa sababu kaka zangu mimi hugombania hata kiti.

Mambo yakaharibika kwa jambo dogo. Ukame ulikuwa umezidi, na Wario akaondoka na ng'ombe kwenda deltani kutafuta majani kabla hatujamaliza vipimo vyake. Dawa zikaja, na za Barisa zilikuwemo kwa sababu karatasi zake zilikuwa tayari. Wario aliporudi, tumbo likiwa limeanza kujaa maji kidogo, tukamwambia angoje za safari nyingine. Safari hiyo ikachelewa, na kila tukipiga simu tukaambiwa bado kidogo.

Daktari wetu kijana alimweleza Barisa vizuri. Tembe moja kila siku, saa ileile, usiruke, usisahau. Barisa aliitikia kwa kichwa. Kila mwezi alirudi na kopo tupu. Daktari alimuuliza, "Umemaliza dawa?" Barisa akajibu, "Zimeisha." Nami nilipomtoa damu nilimuuliza vilevile, na akanijibu vilevile. Ilikuwa kweli, makopo yalikuwa hayana kitu. Barisa hajawahi kunidanganya hata mara moja, na hilo ndilo ninalotaka mlisikie vizuri.

Dawa zilipokwisha tukapima kile kipimo kikubwa, na majibu yakarudi kwamba virusi havionekani. Habari ilifika bomani kabla yangu. Walichinja dume, na mimi nikaletewa paja zima, nikalibeba nyumbani kama mwizi. Barisa alinijia amevaa kikoi kipya. Nikamwambia, "Barisa, nimefurahi, lakini bado. Rudi baada ya miezi mitatu tupime tena."

"Kwa nini tena, Mama? Si mmesema hakuna?"

"Tumesema hatuoni. Ng'ombe wako akipotea kwenye kichaka cha mtoni, si unangoja uone kama atatoka?"

Alicheka, akasema yeye angeingia kichakani kumtoa. Lakini alinielewa, na aliahidi kurudi. Vijana, kipimo hicho cha miezi mitatu baada ya dawa ndicho chenye neno la mwisho. Mgonjwa atakuona una roho mbaya, wenzako watakuona unaharibu sherehe. Shikilia hapohapo.

Alirudi kama alivyoahidi, na Wario alikuwa naye. Nilipomwona Wario niliweka chini nilichokuwa nimeshika. Macho yalikuwa ya manjano, mikono imekonda, na tumbo limesimama chini ya shuka. Alikuwa amebeba kidumu cha maziwa. Maabara hakunywewi kitu, kwa hiyo nikatoka nikakaa nao kwenye benchi. Barisa alimimina maziwa kwenye kikombe cha bati, akampa kaka yake kwanza. Wario akaonja, akarudisha, ndipo Barisa akanywa. Kisha wakanimiminia mimi.

Wario akaniambia, kwa Kiswahili chake cha kupimapima, "Dada yangu, mimi nimekuja kushukuru. Ile dawa yako imenisaidia sana."

Nikamuuliza, "Dawa gani, Wario? Wewe dawa yako haijafika."

"Ile ya Barisa," akasema, na uso wake ulikuwa na furaha ya kweli. "Tulikuwa tunakunywa. Leo mimi, kesho yeye."

Nilimtazama Barisa. Hakuinamisha macho, kwa sababu hakuona kwamba kuna kitu cha kuficha. Alikuwa anangoja nimsifu. Nilikiweka kile kikombe chini, nikaingia ndani kuchukua sindano.

Nilimtoa Barisa damu. Damu ikaenda Mombasa. Siku za kungoja majibu nilikuwa mkali nyumbani na kazini, nikagombana na mlinzi, nikagombana na mwuza samaki wangu wa barafu. Mzee Jilo, ambaye wakati huo alikuwa ameshastaafu na anakuja tu kuchukua dawa zake za presha, aliniuliza nina nini. Nikamweleza. Akasema, "Maskini. Amegawa vizuri kabisa, na ugonjwa haujui."

Majibu yakaja. Virusi vya Barisa vilikuwa vimerudi, na vilirudi kwa wingi. Dawa ya kila siku, ukiimeza siku moja na kuacha siku moja, inavikandamiza vilale, haivimalizi. Ikikoma vinaamka. Tulipompima Wario, vyake havikuwa vimelala hata kidogo, na ini lake lilikuwa limekauka na kukunjamana. Makopo yale yalitosha kumponya mtu mmoja, nayo hayakumponya yeyote.

Daktari kijana alitaka kumfokea Barisa. Nikamwomba aniachie mimi. Nilimkalisha kwenye lile benchi, nikamwambia kwamba ugonjwa umerudi, na nikamweleza kwa nini. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, sasa mimi ningefanya nini? Nimeze dawa, ndugu yangu mkubwa ananiangalia?"

Ningeweza kumwambia ndiyo, hivyohivyo. Daktari yeyote angemwambia hivyo. Lakini nilikuwa nimewaona na kikombe cha maziwa, nikajua ninachomtaka afanye ni kitu ambacho hajawahi kukifanya tangu azaliwe. Nikamshika mkono tu. Akauliza jambo jingine: "Na yeye? Nusu yake imemsaidia?" Nikamwambia kwamba ini la Wario lilikuwa limeshaumia kabla. Hilo lilikuwa kweli, ingawa si hilo alilouliza, naye alitambua.

"Usimwambie," akasema. "Yeye anafikiri imemsaidia."

Sikumwambia. Dawa za Wario zilifika hatimaye, kopo lake mwenyewe, jina lake juu yake. Alianza kuzimeza mbele ya Barisa, na Barisa alikuwa anafurahi kumwona anakunywa peke yake. Hakufika mbali nazo. Asubuhi moja akiwa bomani alitapika damu, wakamkimbiza kwetu, na akafa kabla ya adhuhuri akiwa kwenye kitanda kilicho karibu na mlango wa maabara. Nilikuwa ndani. Nilisikia Barisa anamwita kwa jina, jambo ambalo sikuwahi kumsikia akilifanya, maana siku zote alimwita kaka. Wakamzika siku hiyohiyo kama ilivyo desturi ya Waislamu. Nilikwenda na kuketi na wanawake, na nililia kuliko ilivyompasa mgeni.

Baada ya mazishi Barisa alipotea. Nilituma watu, nikaambiwa yuko na ng'ombe, mara yuko upande wa Wenje, mara amevuka mto. Dawa ya mara ya pili, yenye nguvu zaidi na ya muda mrefu zaidi, madaktari wa Mombasa walikubali kumpa baada ya kuvutana kwingi. Kopo lake likakaa kabatini na mwenyewe hayupo. Mwisho nilimfuata. Nilimkuta kisimani akinywesha, amekonda, nikamwambia dawa yako imefika.

"Mpe mtu mwingine, Mama. Wako wengi."

Hapo nilikasirika, na sitawaficha, nilimpandishia sauti mbele ya watu na ng'ombe wao. Nikamwambia kwamba Wario alimlea na kumtafutia mke si ili aje afe kwenye kisima. Nikamwambia ana watoto, na watoto wa Wario sasa ni wake pia, na akifa yeye wale watamfuata nani. Wanaume wengine waligeuka wakajifanya wanaangalia mifugo. Barisa aliendelea kuteka maji mpaka ng'ombe wa mwisho akanywa. Kisha akafunga kamba yake, akanifuata.

Tangu siku hiyo ndipo nikaanza kuuliza swali langu. Kila mwezi alipokuja, sikumuuliza kama dawa zimeisha. Nilimuuliza, "Mnaimeza wangapi?" Naye alijibu, "Mimi tu." Wengine nao nikawauliza, na mtashangaa niliyoyasikia. Mama mmoja alikuwa anamkatia mama mkwe wake nusu ya tembe za presha. Wanafunzi wawili waligawana dawa ya malaria kwa sababu wote walikuwa na joto. Hakuna hata mmoja aliyeona ni kosa. Watu wetu hawajazoea kula huku mwingine anatazama, na kopo la dawa kwao ni chakula kama chakula kingine. Kwa hiyo msiulize kwa ukali. Ulizeni kama mnavyouliza habari za nyumbani, halafu nyamazeni mngoje.

Barisa alimaliza dawa. Tukapima, havikuonekana, na hakuna aliyechinja kitu. Tukangoja ile miezi mitatu. Mto ulikuwa umejaa, nikaogopa barafu itayeyuka njiani, lakini safari hiyo kila kitu kilikwenda sawa. Majibu yalipokuja nilikuwa nimebakiza wiki chache kazini. Nilimpigia simu, sikumtajia majibu, nikamwambia aje tu.

Alikuja na kidumu cha maziwa na kile kikombe cha bati. Tukakaa kwenye benchi la nje. Nikamwambia, "Barisa, umepona. Sasa ndiyo nasema umepona." Alitingisha kichwa taratibu, akamshukuru Mungu, akafungua kidumu akamimina. Kikombe kikajaa. Alikishika kwa mikono miwili, akakitazama, na hakukipeleka mdomoni. Nilidhani amesahau, nikataka kumwambia anywe.

Akaninyooshea kikombe.

"Anza wewe, Mama," akasema. "Sina tena wa kunitangulia."